Pedali inaomba, giaboksi inaamua: uzi wa kupanga throto ya umeme na gia za S tronic (Audi TT 8J, GTI na ndugu zake)

Mzee_wa_Ramani (Dar es Salaam)

Wakuu, habari zenu.

Nimekuwa nikijibu maswali haya vipande vipande kwenye nyuzi za watu, nimeona bora yakae mahali pamoja. La kwanza: "Nikikanyaga mafuta gari linachelewa kuitika." La pili: "Gia inasita, halafu inaingia kwa kishindo." Wenye TT, GTI, A3 na Scirocco wote wanaleta malalamiko hayo hayo, na mara nyingi ni mtu mmoja mwenye yote mawili. Dawa wanayouziwa ni kijisanduku cha kuchomeka kwenye pedali, au rimapu (kuandika upya programu ya kompyuta) ya injini peke yake. Mimi msimamo wangu ni kwamba pedali na gia havipangwi mbalimbali, na anayevitenganisha anaua klachi za mteja taratibu. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Mfano wangu ni Audi TT 8J ya 2.0 TFSI yenye S tronic ya gia 6, yaani giaboksi ya klachi mbili inayobadili gia yenyewe. Mwenye Golf GTI Mk5 asiondoke: injini ni ya familia ileile ya EA113, kompyuta ni Bosch MED9.1, na giaboksi ni DQ250, ambayo Volkswagen wanaiita DSG.

Pedali kwanza. Gari la zamani ukikanyaga mafuta unavuta kebo, kebo inavuta kibao cha throto, ule mlango wa hewa inayoingia kwenye injini. TT haina kebo. BMW walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuacha kebo kwenye gari la kuuzwa dukani, mwaka 1987 kwenye 750iL ya V12. Pedali ya TT ina sensa mbili, G79 na G185. Ya kwanza inatoa ishara iliyo takriban mara mbili ya ile ya pili, ili kompyuta izilinganishe muda wote na ijue ikiwa moja imeanza kudanganya. Kule kwenye throto kuna mota ya umeme, G186, na sensa nyingine mbili, G187 na G188, zinazosoma kinyume: moja ikipanda mwenzake anashuka. Zikipishana kupita kiasi taa ya EPC (ya hitilafu ya mfumo huu) inawaka, na springi inakirudisha kibao kwenye uwazi mdogo wa dharura ili ujikokote hadi pembeni ya barabara.

Hapa ndipo wengi tunapopotezana. Ukikanyaga pedali nusu hujafungua throto nusu. Umepeleka ombi la torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Kompyuta inachukua pembe ya pedali na mizunguko ya injini, inaingia kwenye jedwali ambalo kwenye faili za Bosch linaitwa KFPED, inatoka na asilimia ya torki unayoitaka. Ombi lako linakutana na maombi ya wengine: ESP (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) ina lake, kompresa ya AC ina lake, giaboksi ina lake. Yakishapatanishwa ndipo torki inageuzwa kuwa kiasi cha hewa (jedwali la KFMIRL), na hewa inageuzwa kuwa presha ya turbo na pembe ya throto. Njia hiyo ya hewa ni ya polepole, maana manifoldi lazima ijae. Njia ya haraka ni cheche: kompyuta ikichelewesha cheche za plagi torki inashuka papo hapo, hata kama throto haijatikisika.

Giaboksi sasa. DQ250 ilitoka mwaka 2003 kwenye Golf R32 na Audi TT 3.2. Ndani kuna klachi mbili zinazofanya kazi ndani ya oili. K1 inabeba gia ya 1, 3, 5 na rivasi. K2 inabeba 2, 4 na 6. Ukiwa unatembea na gia ya 3, ya 4 tayari imeshaingizwa kwenye shafti ya pili, inasubiri. Kubadili gia ni kuachia K1 huku K2 inashika, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti bila yeyote kusimama. Katika mpokezano huo kompyuta ya giaboksi, ambayo iko ndani ya mekatroniki (kizio cha vali na umeme kinachoendesha giaboksi) imezama kwenye oili, inaiomba kompyuta ya injini ipunguze torki kwa kuchelewesha cheche. Ule mlio mfupi wa ekzosi unaousikia ukipanda gia kwa nguvu ndio huo. Wakati wa kushusha gia inaomba kinyume: torki iongezwe kidogo mizunguko ipande ilingane na gia ya chini.

Je, giaboksi inajuaje ibane klachi kwa presha kiasi gani? Inahesabu kutokana na torki ambayo injini imetangaza kwenye mtandao wa CAN, ule ambao kompyuta za gari huzungumzia. Haina kipimo chake cha torki. Inaamini inachoambiwa, kisha inajirekebisha kidogo kwa kutazama klachi inateleza kiasi gani. Shikeni hilo, maana uzi wote unaning'inia hapo.

Kijisanduku cha pedali. Kinakaa kati ya pedali na kompyuta na kubadilisha ishara: wewe umekanyaga asilimia 20, chenyewe kinaripoti 40. Torki ya juu kabisa haiongezeki hata Nm moja (Nm ni kipimo cha torki). Gari linaonekana jepesi kwa sababu umepewa mapema kile ambacho ungekipata ukikanyaga zaidi. Mwenye gia za mkono hilo ni suala la ladha yake, sina ugomvi naye. Kwenye S tronic shida ni kwamba giaboksi nayo inachagua gia kwa kutazama pedali hiyohiyo. Uko kwenye foleni ya Mwenge, umegusa mafuta kidogo ili usogee, giaboksi inaambiwa dereva anataka kuovateki, inakaa gia ya chini, gari linaruka. Na huku mwishoni mwa pedali hakuna kilichobaki cha kupima, yote imekwisha katikati ya safari ya mguu.

Rimapu ya injini peke yake. TT hii ilitoka kiwandani na farasi 200 na Nm 280. Rimapu ya hatua ya kwanza inaivusha Nm 350 bila jasho. Na Nm 350 ndicho kiwango ambacho Volkswagen waliitangazia DQ250. Tazameni familia yenyewe: TTS ya 2008 ilikuwa na Nm 350 ikabaki na giaboksi hii. TT RS yenye Nm 450 ilipokuja kupewa S tronic, ilipewa giaboksi nyingine kabisa, DQ500 ya gia 7.

Sasa mpangaji aliyeongeza torki bila kugusa programu ya giaboksi ana njia mbili. Aitangaze torki ya kweli, giaboksi iseme imezidi na kuomba ikatwe, mteja arudi analalamika gari "linakufa" katikati ya mvuto. Au aguse KFMIOP, jedwali linalogeuza hewa kuwa torki, ili injini itangaze 320 huku inatoa 390. Gari litavuta vizuri sana na mteja ataondoka anatabasamu. Lakini klachi zinabanwa kwa presha ya 320. Zinateleza kidogo kwenye kila gia, oili inapata joto, inageuka nyeusi na kunuka kuungua, na baada ya hapo unaanza kusikia mtetemo ukiondoka.

Utaratibu wangu. Naanza na chuma kabla ya kompyuta. EA113 ina kikombe kidogo kinachokaa kati ya kemu (shafti inayofungua vali) na pampu ya presha kubwa ya petroli, na kinalika. Kikitoboka kinaharibu kemu, kwa hiyo nakifungua na kukitazama kabla sijagusa faili lolote. Kisha vali ya kurudishia hewa ya turbo, maana zile za mpira wa ndani huchanika. Mauntingi ya chini ya injini. Throto yenyewe nasafisha, kwa sababu mvuke wa oili unagandisha masizi pembeni ya kibao. Vali za kuingizia hewa nazo hujaa kaboni kwenye injini hizi, kwa kuwa petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda na haiziogeshi.

Halafu giaboksi: oili ya DQ250 na filta yake ni kila kilomita 60,000, ya kiwango cha G 052 182. Gari la Japani lenye kitabu kisichosomeka, mimi nahesabu haijawahi kubadilishwa.

Baada ya hapo VCDS, programu ya kupimia magari ya Volkswagen na Audi. Injini, "basic settings", gruu (kundi la vipimo) 060: funguo iwe imewashwa, injini imezimwa, unasikia throto inajipima yenyewe hadi iandike ADP OK, yaani imejifunza. Gruu 063 ni ya kuifundisha ile swichi ya mwisho wa pedali. Giaboksi ina mafunzo yake: oili iwe kati ya nyuzi 30 na 100, lever iko P, injini inaunguruma, AC imezimwa, mguu kwenye breki mwanzo hadi mwisho, na kusiwe na hitilafu iliyohifadhiwa. Ukimaliza unaliendesha gari kwa gia za kuchagua mwenyewe, unatulia muda kwenye gia ya 3 au 5, kisha 4 au 6, mizunguko ikiwa kati ya 1,200 na 3,500, ili klachi zote mbili zijifunze upya.

Magari mengi yanapona hapo hapo. Yakifika hatua ya programu, napanga giaboksi kwanza: mipaka ya torki na presha ya klachi, kisha mahali pa kubadilishia gia. Injini inafuata, na torki inayotangazwa iwe ile inayotoka. KFPED ni ya mwisho, na ndiyo inayochukua muda wangu mwingi kuliko zote.

Karibuni kwa maswali.

---

Kigamboni_Boy

Mkuu shukrani sana kwa elimu hii. Mimi nina A3 ya 2.0 TFSI, nilishafunga hicho kisanduku na kusema kweli gari limechangamka. Nikitoe au nikiache kwenye ile ngazi ya chini?

---

Mzee_wa_Ramani

Kitoe kwa wiki moja, mdogo wangu. Kabla ya kuhukumu fanya gruu 060 na 063 kama nilivyoandika, kwa sababu throto chafu na mafunzo ya zamani ndivyo vinavyofanya watu wanunue hivyo visanduku. Halafu fungua gruu 062 upande wa injini. Utaona asilimia nne: mbili za throto, mbili za pedali. Kanyaga polepole sana kutoka juu hadi chini. Namba zipande bila kuruka, pedali ya kwanza iwe karibu mara mbili ya ile ya pili wakati wote, na zile mbili za throto zikijumlishwa zikaribie 100. Ukiona mruko mahali fulani, sensa ya pedali imechoka. Kisanduku kilikuwa kinakufichia.

---

GTI_wa_Langata

Habari boss. Niko Nairobi, GTI Mk5. Gari hii nilifanyiwa stage 1 (rimapu ya hatua ya kwanza) na jamaa mmoja hapa mjini, jina naliweka kando. Ilikuwa sawa kwa miezi kadhaa, sasa nikiondoka kwa gia ya kwanza kwenda ya pili inatetemeka, hasa ikishapata moto kwenye jam ya Mombasa Road. Nilipeleka kwa dyno (daino, mashine ya kupima nguvu ya gari) wakanipa Nm 370 kwa magurudumu. VCDS upande wa gearbox inaonyesha engine torque 300 na kitu ukivuta mafuta yote. Nimesoma post yako mara mbili nikaona kama unaongea juu yangu.

---

Mzee_wa_Ramani

Pole ndugu. Na ahsante kwa kuja na namba, wengi wanakuja na hasira tu.

Nm 370 za magurudumu maana yake kwenye flaiwili (pale nguvu inapotoka kwenye injini) ni zaidi ya hapo, kwa sababu kuna inayopotea njiani. Giaboksi inaambiwa 300 na kitu. Kwa hiyo pengo ni kubwa kuliko unavyoliona kwenye karatasi, na klachi zinabanwa kwa mzigo mdogo kuliko uliopo. Kabla hujafanya lolote rudisha ramani ya kiwandani kwenye injini. Usiendelee kuvuta na faili hilo hata kidogo. Kisha badili oili na filta, na uitazame oili inayotoka: rangi yake, harufu yake, na unga kwenye filta. Baada ya hapo mafunzo ya klachi, ndipo utajua kama diski zimepona.

Nitumie pia gruu 115 (presha ya turbo) na 020 (cheche zinavyorudishwa nyuma) ukivuta gia ya 3 kwenye daino, usifanye barabarani.

---

GTI_wa_Langata

Sawa boss. Log za daino ninazo za siku ileile. 115: requested (iliyoombwa) 2,150, actual (iliyopatikana) inafika 1,930 halafu inashuka kadiri RPM inavyopanda. 020: silinda ya 2 na 3 zinarudi nyuma digrii 6 hadi 7. Mafuta ni super ya kawaida ya pampu.

---

Mzee_wa_Ramani

Namba hizi zinaongea, na wadau wa Nairobi, Nakuru na Eldoret naomba mzisome kwa makini.

Gruu 115 inasoma presha kamili kwa milibari. Dar hewa ya nje ni takriban 1,013. Nairobi, kwa urefu ule kutoka usawa wa bahari, ni karibu 830. Anayeomba 2,150 akiwa Dar anaitaka turbo izidishe hewa mara 2.1. Akiwa Nairobi anaitaka izidishe mara 2.6. Turbo ya gari lako, K03, ni ndogo. Inazunguka kupita uwezo wake, inatoa hewa ya moto, na bado haifikii. Hewa ya moto inaleta kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda), ndiyo maana cheche zako zinarudi nyuma digrii 7. Faili hilo limeandikwa kwa mtu wa Ulaya anayeishi karibu na usawa wa bahari na kuweka petroli ya oktani 98.

Na hili linaingia moja kwa moja kwenye gia. Hewa iliyoombwa haifikiwi, cheche zimerudi, torki inapanda na kushuka ndani ya mvuto mmoja. Giaboksi inabana klachi kwa namba inayobadilikabadilika na ambayo tangu mwanzo ilikuwa ya uongo. Ramani ya Nairobi iombe presha ambayo K03 inaweza kuishika hadi mizunguko ya juu. Utapoteza kilele kidogo kwenye karatasi ya daino, na utapata gari linalovuta sawasawa kila siku.

---

Fundi_DSG_Msa

Salaam aleikum wote. Mimi kazi yangu ni kufungua hizi giaboksi, nipo Mombasa. Nakubaliana na mzee kwa mengi ila kuna jambo naomba nilisisitize kwa sababu nina uchungu nalo: gari nyingi zinazokuja kwangu "zinataka software" shida yake ni oili na joto. Huku kwetu joto la hewa lipo juu, foleni ya kivuko ya Likoni inamfanya mtu asogee kwa inchi. DSG ikiwa inasogea polepole klachi iko nusu, inateleza kwa makusudi. Hiyo ndiyo inayoila kuliko hata rimapu.

Ukiwa kwenye foleni acha nafasi mbele yako, kisha sogea mara moja. Ukisimama kanyaga breki sawasawa, usiiguse tu kwa ncha ya kiatu. Breki ikishikwa vizuri klachi inaachia kabisa. Usiishikilie gari kwenye mlima kwa mafuta. Hilo haliandikwi na faili lolote, liko kwenye mguu wa dereva.

---

Mzee_wa_Ramani

Wa aleikum salaam fundi. Hapo sina la kupinga, na nitaongeza la upande wangu: KFPED yenye mwanzo mkali inamnyima dereva uwezo wa kufanya hicho unachokisema. Ndiyo maana mwanzo wa pedali mimi naufanya mpole, mteremko wa kwanza uwe mdogo, nguvu zije kuanzia katikati. Wateja wananiomba "pedali kali". Nawaandikia kali kwenye modi ya S (ya spoti) pale programu inaporuhusu, D (ya kawaida) naiacha ya mjini.

---

Dada_TTS

Habari zenu wakuu. Ninayo TTS ya 2009, naipenda mno, naishi Arusha. Haijawahi kufanyiwa rimapu. Tatizo langu ni moja: nikiwa natembea taratibu gia ya 4 au ya 5 kwenye D, halafu nikataka kuovateki lori, nakanyaga na hakuna kinachotokea kwa muda, kisha inashusha gia mbili kwa mpigo na kuruka. Kwenye barabara ya Moshi hilo linanitisha kweli. Je, hiyo ni throto au ni giaboksi?

---

Mzee_wa_Ramani

Dada, hongera kwa gari. Ni vyote viwili, na mwanzo wake ni giaboksi.

Ukiwa unatembea kwa utulivu kwenye gia ya 4, giaboksi inakisia kuwa utaendelea kupanda, kwa hiyo imeiandaa ya 5. Ghafla unaomba kushuka. Lazima iitoe ya 5 na kuingiza ya 3 kwenye shafti ileile, ndipo klachi zipokezane. Ukiomba kushuka kwenda gia iliyo kwenye klachi ileile uliyonayo, tuseme 4 kwenda 2, zote ziko K2, safari inakuwa ndefu zaidi. Wakati huo kompyuta ya injini imezuiwa isitoe torki yako yote hadi gia ikae. Ikikaa inaachilia yote, nayo turbo imeshaamka. Huo ndio mruko.

Bila kutumia shilingi: kabla ya kutoka nyuma ya lori weka S, au vuta kibao cha kushoto nyuma ya usukani mara moja au mbili ukiwa bado umetulia. Gia ya chini itakuwa imeshaingia, mizunguko iko juu, na pedali itajibu papo hapo. Ni usalama wako, tafadhali ifanye iwe desturi.

Kwa kutumia pesa: programu ya giaboksi inaweza kuchelewesha kupanda gia kwenye D, kwa sababu ya kiwandani inakimbilia gia za juu mapema mno ili ibane mafuta. TTS yako ina Nm 350 tangu kiwandani, imeshafika kwenye kikomo cha giaboksi tayari. Kama lingekuwa langu ningepanga giaboksi tu na kuiacha injini ilivyo.

---

Legacy_BP5

Mkuu vipi kuhusu sisi wa Subaru? Nina Legacy GT yenye SI-Drive, ile swichi ya kuchagua modi I, S au S#. Nikizungusha kwenye S# gari linakuwa tofauti kabisa na S. Je, inaongeza nguvu?

---

Mzee_wa_Ramani

Modi ya I inapunguza nguvu kweli. Kutoka S kwenda S# kinachobadilika zaidi ni jedwali la pedali. Subaru nao wanatumia njia ileile ya torki: kuna jedwali la torki inayoombwa kwa pembe ya pedali, moja kwa kila modi, halafu jedwali la kugeuza torki hiyo kuwa pembe ya throto. Ukiwa na kebo ya Tactrix na programu ya RomRaider unaweza kuyaona yote kwa macho yako, na kurekodi pedali na throto kwa pamoja. Utashangaa S# inavyofungua throto mapema. Ni kile kisanduku cha pedali, ila hiki kimeandikwa na watu waliolijua gari na giaboksi yake, ndiyo maana hakisumbui.

---

Babu_Kebo

Vijana nawasoma. Mimi nimeendesha magari ya kebo maisha yangu yote, na moyo wangu haujatulia na hizi pedali za waya. Kompyuta ikichanganyikiwa si itafungua mafuta yote na kunipeleka korongoni? Toyota hawakupata matatizo hayo Marekani?

---

Mzee_wa_Ramani

Shikamoo babu. Swali lako ni la haki.

Toyota waliita magari mamilioni mwaka 2009 na 2010. Serikali ya Marekani iliwaomba wahandisi wa NASA wachunguze mfumo wa umeme wa throto, na ripoti ilitoka Februari 2011. Hawakupata ushahidi kwamba umeme ulifungua throto kwa kiasi cha kusababisha ajali zile. Yaliyothibitika yalikuwa ya chuma na nguo: pedali zilizokuwa zinang'ang'ania na mikeka ya sakafuni iliyozibana.

Kwenye Audi zipo sensa mbili kila upande, kuna sehemu ya kompyuta ambayo kazi yake ni kukagua tu kama torki inayotoka imezidi iliyoombwa, na ikizidi throto inafungwa. Zaidi ya hapo, ukikanyaga breki huku mafuta bado yamekanyagwa, kompyuta inayakata mafuta. Baadhi ya wapangaji wanaiondoa kinga hiyo kwa wateja wanaopenda kubreki kwa mguu wa kushoto. Nimeombwa mara nyingi. Siiondoi kwenye gari la barabarani, na anayetaka anatafuta fundi mwingine.

---

Babu_Kebo

Marahaba mwanangu. Umenielewesha.

---

GTI_wa_Langata

Boss nimerudi na ripoti. Nimerudisha stock map, nimebadilisha oil na filter. Oil ilitoka nyeusi, harufu ya kuungua kidogo, kwa filter kulikuwa na unga mweusi lakini hakuna vipande vya chuma. Adaptation (yale mafunzo ya klachi) imekubali bila error. Mtetemo umepungua sana, umebaki kidogo tu asubuhi gari ikiwa baridi. Sasa nauliza: klachi zimekwisha? Na nikitaka kurudisha nguvu nianzie wapi?

---

Fundi_DSG_Msa

Kaka unga mweusi ni wa diski, vipande vya chuma ndivyo vingekutia hofu. Kama adaptation imekubali, diski bado zina uhai. Endesha taratibu kilomita elfu kadhaa, kisha rudia adaptation oili ikiwa ya moto. Mtetemo wa baridi ukiisha, umepona. Ukirudi na ukaanza kuonekana hata gari likiwa na moto, njoo tufungue tuzipime.

---

Mzee_wa_Ramani

Afanye hivyo hivyo alivyosema fundi. Na ukishapona ukataka nguvu, mwambie mpangaji wako mambo haya kabla hujampa funguo: programu ya giaboksi iandikwe kwanza. Presha ya turbo ishuke hadi ile ambayo gruu 115 itaonyesha iliyoombwa na iliyopatikana zinakwenda sambamba hadi mizunguko 5,500. Gruu 020 isizidi digrii 3 kwa mafuta unayoweka kila siku. Na mwisho kabisa, akiwa amekaa na wewe ndani ya gari, afungue VCDS upande wa giaboksi akuonyeshe torki inayotangazwa, uilinganishe na karatasi ya daino. Ya kwenye karatasi ni ya magurudumu, kwa hiyo inayotangazwa lazima iwe juu ya hiyo. Ikiwa chini, usilipe.

---

Kigamboni_Boy

Mkuu nimekitoa kisanduku, nimefanya 060 na 063. Kwenye 062 pedali ya kwanza inapanda vizuri hadi asilimia 34, halafu inaruka hadi 41 bila kupitia katikati. Ya pili haina shida.

---

Mzee_wa_Ramani

Hiyo pedali imechoka, mdogo wangu. Tafuta nzima yenye namba ileile iliyochapwa mgongoni, ya upande wa usukani wa kulia, hata ya gari lililovunjwa inafaa ukiipima kwanza kwa gruu hiyohiyo 062. Ukiifunga rudia 063. Kisanduku usikirudishe kabla hujaliendesha siku mbili tatu bila hicho.